Jinsi salongo ya Jumamosi ilivyokipofusha kigari cha sayari, Lubumbashi

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimefuatilia ule uzi wa magari yanayojiendesha yenyewe kwa kamera, mnabishana kama ni kitu cha juzi. Nikaona nami niandike langu. Nitakayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, na penye giza kwenye kumbukumbu nitasema hapa sikumbuki. Sina sababu ya kudanganya, wengi wa waliokuwepo wameshatangulia.

Mimi ni mama mtu mzima, naishi Tunduma. Lakini nilizaliwa na kukulia Lubumbashi, enzi hizo nchi inaitwa Zaire, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Sisi tulisema "kampani" tu, hakukuwa na nyingine ya kutaja.

Naomba mnivumilie kwanza nieleze hali ya nyumbani, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilikuwa natetemeka kwa ajili ya mawe.

Mama alitutoka tukiwa wadogo. Baba alifuata, kifua. Mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu wako watatu. Nilikuwa nimefika darasa la pili la sekondari, nikaweka daftari chini. Hakuna aliyenilazimisha. Niliangalia tu wale watatu wamekaa mezani wananiangalia, nikajua shule yangu imeishia pale.

Sasa nyumba za kambi zilikuwa na sheria yake. Nyumba ni ya namba ya kazi, si ya mtu. Baba akifa, namba inakufa. Posho ya unga inakatika, na nyumba inarudi kwa kampani. Njia moja tu ya kuiokoa: mtu wa nyumba hiyo hiyo aandikwe kazi, apate namba yake.

Sisi tulipewa hadi mwisho wa Oktoba.

Aliyeleta barua alikuwa mkuu wa kambi, Citoyen Kasongo. (Enzi zile hakuna bwana wala bibi, wote tuliitwa citoyen na citoyenne.) Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye kikoba cha ngozi. Kila akikutana nami bombani, ananikumbusha.

"Citoyenne Ngoie, ile barua ulisoma? Mwezi ikiisha, nyumba inarudia ku kampani. Miye siko mubaya, unasikia? Ni règlement, sheria ya kampani."

"Nilisoma, chef."

"Bon. Miye nakumbusha tu."

Alikumbusha mara nyingi sana.

Basi mwezi wa Agosti akaja Profesa Kalenga wa chuo cha Kasapa, na mzungu mmoja mrefu, mhandisi, jina lake Anton. Walisoma pamoja Ulaya. Walileta kigari.

Wakuu, msifikirie hivi vya kwenye picha za siku hizi. Kilikuwa na ukubwa wa meza ya kulia chakula, magurudumu sita ya chuma, na juu ya shingo kamera mbili kama macho. Waya mnene mweusi ulitoka nyuma yake hadi kwenye lori, na ndani ya lori ndimo ilimokuwa kompyuta, na jenereta ya kuilisha.

Lengo lilikuwa kupata njia ya kuendesha gari kwenye sayari ya mbali, Mirihi ile nyekundu. Anton alinieleza kwa Kifaransa chake cha kuvunjikavunjika: kule hakuna mtu wa kushika usukani, na ukituma amri kwa redio inachukua dakika nyingi kufika. Ikifika, gari limeshaanguka shimoni. Kwa hiyo lazima lione lenyewe na liamue lenyewe.

Na kwa nini Lubumbashi? Kwa sababu nyuma ya kambi yetu kulikuwa na lundo la zamani la mawe ya mgodi. Ardhi nyekundu, mashimo, mawe ya kila sura, mengine na rangi ya kijani ya shaba. Hakuna mti. Anton alipoliona mara ya kwanza alicheka peke yake kama mtu aliyepata zawadi.

Kigari kilikwenda hivi: kinapiga picha kwa macho yote mawili. Kompyuta inatafuta kwenye picha pembe za mawe, mahali mwanga unapokutana na kivuli. Inalinganisha jicho la kulia na la kushoto, inajua lipi liko karibu na lipi mbali. Inafikiri robo saa. Kisha kigari kinasogea chini ya mita moja. Kinasimama. Kinapiga picha tena.

Robo saa kwa hatua moja! Watu wa kambi walikuja siku ya kwanza na viti, siku ya pili hawakuja. Walikiita Fulwe, kwa Kibemba ni kobe. Mama Kabedi, jirani yetu, alisema, "Hata miye na mugongo yangu hii, nitafika ku ile sayari mbele yake."

Walitaka mtu wa kupima mawe. Profesa alifika ofisi ya wapimaji wa ardhi ya kampani kuomba msaada, na mkuu wa ofisi ile, mzee mmoja mkavu anaitwa Citoyen Mwepu, akamwambia hana mtu wa kupoteza kwa michezo. Alimwazima utepe wa kupimia tu. Mimi nilikuwa nafua nguo za mke wa Profesa kule Makomeno, mtaa walikokaa. Mama yule akasema, "Mbona Ngoie anajua kuandika vizuri?"

Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya sayari, wakuu. Kupitia beseni la kufulia.

Kazi yangu: vigingi viwili vimepigwa ardhini. Kila jiwe linapimwa kutoka kigingi cha kwanza na kutoka kigingi cha pili, linaandikwa kwenye daftari na mchoro wake. Mawe themanini na sita. Baada ya kigari kupita, Profesa analinganisha mahali kigari kilipodhani jiwe lipo na mahali lilipo kweli.

Na kulikuwa na amri moja ambayo Anton aliisema kila asubuhi: jiwe lisitiwe alama. Wala chaki, wala rangi. Kwenye Mirihi hakuna mtu aliyeandika namba kwenye mawe, tukiandika hapa tunakidanganya kigari na kinatudanganya sisi.

Kwa hiyo ilinibidi kuyajua kwa sura. Nikayapa majina. Namba saba ni Mkate. Ishirini na mbili ni Kiatu. Hamsini ni Shavu, kwa sababu lilikuwa limevimba upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Jioni mdogo wangu Numbi alishika daftari akaniuliza, nami nikajibu kama katekisimu. "Sitini na tatu?" Mita nne na robo, mita saba kasoro kidogo, jirani yake Kiatu. Ilikuwa mchezo wa nyumba nzima.

Mwisho wa Septemba Profesa akaniambia habari iliyoninyima usingizi. Jumatatu inayofuata wakubwa wawili wa kampani watakuja kuona jaribio, pamoja na Citoyen Mwepu. Kigari kikivuka mita thelathini bila kugonga, kampani itampa Profesa chumba cha kazi. Na chumba kikiwepo, itabidi aandikwe mtu wa kukitunza.

"Mutu yenye namba," akasema, akiniangalia. "Unaelewa?"

Nilielewa.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na naomba nisimlaumu mtu mwingine.

Kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na salongo. Waliokulia Zaire wanaijua: kazi ya pamoja, lazima kwa kila mtu, kufagia, kufyeka, kuzibua mitaro. Usipofika jina linaandikwa. Jumamosi ile ilinibidi kupeleka daftari Makomeno kwa Profesa, ili alinakili kabla hajasafiri na Anton kwenda Kasumbalesa. Betri zao zilikuwa zimekwama forodhani mpakani.

Nikaenda kwa Citoyen Kasongo kuomba ruhusa. Naye kabla sijafungua mdomo:

"Citoyenne, ile barua..."

Wakuu, nilichoka. Nikamkata kauli.

"Chef, siku ya posho sitakuya ku salongo. Niko na kazi ya Profesa. Bakubwa ba kampani banakuya ku kazi moja kuona machine yetu."

(Siku ya posho ni Jumamosi, kazi moja ni Jumatatu.)

Kikoba kikashuka kidogo.

"Bakubwa? Bakubwa gani?"

"Bakubwa kabisa, chef."

"Banapita hapa? Mu kambi yangu?"

"Banapita hapa."

Nikaondoka nimeinua shingo. Kwa mara ya kwanza nilimwona yeye ndiye mwenye hofu. Nilitembea hadi Makomeno na ile furaha yangu ndogo mbaya.

Nilichosahau kumwambia ni kwamba mawe yasiguswe.

Nilifika Makomeno, Profesa akachukua daftari, akasema atalinakili njiani, wakapanda gari wakaondoka. Mke wa Profesa akanibakiza nimsaidie kidogo. Nikarudi kambini yapata saa nane mchana.

Kutoka mbali niliona kitu cheupe kwenye lundo.

Nikafikiri ni nguo zimeanikwa.

Nilipofika karibu, hazikuwa nguo. Uwanja mzima ulikuwa umefagiwa. Umepigwa reki ukawa laini kama unga uliopepetwa, na mistari ya reki imenyooka. Kokoto zote ziko kwenye chungu moja pembeni. Na mawe yangu, Mkate, Kiatu, Shavu, yote yamepakwa chokaa nyeupe pe, yamepangwa.

Yamepangwa kuwa herufi tatu. Herufi tatu za chama.

Mama Kabedi alikuja mbio, mikono myeupe hadi kwenye viwiko.

"Ngoie, mwana wetu, kuya uone! Tulikupangia pahali pako! Yale majiwe yalikuwa yanatawanyika sawa mbuzi. Bakubwa banakuya, utapata haya!"

"Nani alisema mufanye hivi, mama?"

"Chef. Asema weye ulimwambia bakubwa banakuya. Tulifanya tangu asubuhi, hata kula hatukula." Akaniangalia usoni. "Kwani haiko muzuri?"

Nikamwambia iko nzuri. Ningesema nini? Wamama ishirini wamejitesa juani kwa ajili yangu. Na kwa haki kabisa ilikuwa nzuri. Kwa mgeni yeyote wa kawaida, ingekuwa nzuri.

Nilikaa chini kando ya kigingi cha kwanza, hicho walikiacha, na walikipaka chokaa nacho.

Niwaeleze ukubwa wa tatizo, kwa vijana ambao hawakuziona nyakati zile. Mawe kuhamishwa ni tatizo moja. Lakini herufi zile! Herufi za chama kimoja, cha nchi nzima, ambacho kila mtoto alizaliwa akiwa mwanachama wake. Kubomoa maandishi yale, hata kwa mikono ya kuomba radhi, mtu angeweza kukuuliza: citoyenne, ulikuwa unabomoa nini? Na hapo hujui tena jioni utalala wapi.

Nikiyaacha, kigari kitashindwa, chumba hakuna, namba hakuna, nyumba inakwenda. Nikiyagusa, pengine naondoka kabla ya nyumba.

Jumapili baada ya misa nilimsubiri Citoyen Kasongo mlangoni kwa kanisa. Nikamweleza yote pembeni. Nilimwona akipauka.

"Weye unataka nifanye namna gani? Niseme nini ku zone, ku bakubwa ba serikali? Niseme nilivunja jina ya chama? Weye unataka kuniua?"

"Chef, ni miye njo nilikosa. Sikukuambia yote."

"Ee! Hukuniambia! Ulisema tu bakubwa, bakubwa! Miye niko na batoto saba, citoyenne!"

"Miye niko na batatu."

Watu walikuwa wanapita wanatusalimu, tunawajibu kwa tabasamu la uongo.

Wazo lilinijia palepale, sijui lilitoka wapi. Nikamwambia: "Chef, herufi hazitavunjika. Kule chini ku mulima kuko majiwe mingine mingi. Tunaleta moja, tunalipaka chokaa, tunaliweka. Kisha tunatoa langu. Moja linaingia, moja linatoka. Herufi haitakosa jiwe hata dakika moja."

Alifikiri kwa muda mrefu. Fulwe angeshapiga hatua mbili.

"Hata dakika moja?"

"Hata moja."

"Bon. Miye nitasimama pale. Nitaangalia. Na mutu akiuliza, tunaongeza chokaa. Unasikia? Tunaongeza chokaa."

Mama Kabedi aliposikia, alinitukana kwanza. Alinitukana vizuri, kwa lugha tatu, mpaka pumzi ikamwisha. Kisha akafunga kitenge upya kiunoni akaenda kuwaita wenzake.

Tulianza saa tano asubuhi. Wamama walitoa mawe mapya bondeni, wakiyabeba kichwani. Yanapakwa chokaa, yanasogezwa hadi kwenye herufi, na Kasongo amesimama na kikoba chake kama askari wa gwaride. Jiwe jipya linaingia, la zamani linatoka.

"Linaingia!" anaita mama mmoja.

"Linatoka!" wanajibu wengine.

Kasongo anafuta jasho. "Pole pole! Ile herufi ya mwisho inapinda!"

"Chef, hata jana ilikuwa inapinda, ni weye ulichora!"

Wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliyapeleka mawe yangu kwenye ndoo, nikayasugua chokaa kwa brashi, kisha nikayapaka tope jekundu. Na kila chokaa ilipotoka, sura ilirudi. Nakumbuka Shavu lilipotokea nilimwambia Numbi, "Huyu hapa." Kama mtu aliyepatikana hai.

Daftari lilikuwa Kasumbalesa. Kwa hiyo nilipima kwa utepe na kwa kichwa changu. Numbi anashika utepe kwenye kigingi, mimi nasema namba kwa sauti, naweka jiwe, naligeuza mpaka upande wake wa kulia uangalie mahali pake. Mengine yalikuja yenyewe. Mengine niliyafumbia macho nikamsikia Numbi wa jioni akiniuliza.

Manne sikuwa na uhakika nayo kabisa.

Na moja halikuwepo. Nilihesabu mara tatu: themanini na tano. Lililopungua lilikuwa namba arobaini na moja, jiwe bapa lenye mshipa wa kijani. Nilijua liko ndani ya herufi, chini ya chokaa, moja la zamani lililobaki katikati ya mapya. Lakini jua lilikuwa linazama na Kasongo alikuwa amefika mwisho wa ujasiri wake. Alisema hakuna tena kugusa. Sikumbishia.

Sasa nisikilizeni hapa. Usiku huo swali langu lilikuwa moja tu: niseme au nisiseme?

Mawe yako mahali pake, au karibu. Hakuna atakayejua. Kasongo atanyamaza kwa maslahi yake. Nikisema, Profesa anaweza kunifukuza palepale mbele ya wakubwa. Nikakumbuka ile furaha yangu mbaya ya kumwambia Kasongo nusu ya habari. Nusu nyingine ndiyo iliyotufikisha pale. Nikachukua karatasi nikaandika mawe manne nisiyo na uhakika nayo, na la tano ambalo halipo.

Jumatatu asubuhi saa tatu wakafika. Lori, Profesa, Anton, betri. Gari la wakubwa wawili, suti za abacost, zile zisizovaliwa na tai, zimepigwa pasi. Na Citoyen Mwepu nyuma yao, na uso wake mkavu.

Wakubwa waliona herufi kwanza. Mmoja akasema, "Ah, muzuri sana. Muzuri sana." Kasongo alikua sentimita kumi.

Nilimfuata Profesa nikamweleza haraka haraka, kwa sauti ya chini. Aliniangalia kana kwamba nimemmwagia maji.

"Yote? Waligusa yote?"

"Yote, Profesa. Nimeyarudisha kwa kichwa. Haya hapa ndiyo nisiyo na uhakika nayo."

Nilidhani atanipiga. Citoyen Mwepu alikuwa amesikia. Alinyoosha mkono akachukua karatasi, akaisoma, akaomba daftari, akaomba utepe wake. Kisha mzee yule na suruali yake safi akapiga magoti kwenye vumbi.

Alipima mawe kumi aliyoyachagua yeye. Nilisikia tu akitaja kwa pumzi: vidole viwili. Vidole vitatu. Kiganja. Kidole kimoja. Kisha akapima yale manne ya kwenye karatasi yangu. Mawili yalikuwa yamekosea kwa hatua nzima, mengine mawili yalikuwa sawa.

Akakunja utepe. Akaweka karatasi yangu mfukoni mwake.

Anton alisema tuanze, kigari hakitumii daftari kutembea, daftari ni la kusahihishia tu. Akawasha.

Kikaanza. Picha. Robo saa. Hatua. Picha. Wakubwa walipewa viti na kivuli. Saa nne, saa tano, saa sita. Kikalikwepa Kiatu vizuri sana, nikajikuta nimeshika mkono wa Mama Kabedi. Saa nane kilikuwa kimepita nusu ya njia.

Kisha kikasimama.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Anton akaingia kwenye lori, akatoka, akaingia tena. Kigari kilikuwa kimefika mahali ambapo mawe ni machache na ardhi imefagiwa sana. Mawe tuliyarudisha, wakuu. Kokoto hatukuzirudisha, wala mikunjo, wala nyufa. Nani angekumbuka kokoto? Mbele ya macho yake palikuwa laini tupu, hapana kitu cha kutupa kivuli hata kimoja cha kushika.

"Hakioni," Anton akasema. "Kwake hapa ni kama ukungu."

Mkubwa mmoja alitazama saa yake. Mwenzake akasema jambo kuhusu chakula cha mchana. Wakashukuru, wakasifu tena herufi, wakaondoka. Mita kumi na tisa.

Chumba hakikutolewa.

Ajabu ni kwamba Anton hakukasirika. Alikaa chini karibu na kigari, akapitisha mkono kwenye mistari ya reki, na akaandika, akaandika. Alimwambia Profesa kwamba wamekuja hadi Katanga kutafuta ardhi mbaya, na kilichomshinda Fulwe ni ardhi iliyofagiwa. Alitaka kumshukuru aliyefagia. Mama Kabedi akasogea, akapeana naye mkono kwa heshima zote, halafu akaniuliza sikioni, "Anashukuru nini, huyu?"

Mimi nilirudi nyumbani. Nilianza kufunga vyombo kidogo kidogo, wadogo zangu wasione. Vikombe kwanza.

Siku zilipita kama ishirini. Oktoba ilikuwa inakaribia kwisha na mawingu ya mvua yameanza kujikusanya. Asubuhi moja Citoyen Kasongo alikuja, kikoba kwapani. Nilipokiona kikoba tu nikakaa.

Akatoa barua. Haikuwa ile.

Ilitoka ofisi ya wapimaji wa ardhi. Nijitokeze kuanza kazi ya kushika utepe na kuandika vipimo, kwa majaribio. Namba yangu ilikuwa imeandikwa juu kulia, kwa mkono.

"Nyumba inabakia," Kasongo akasema. Alikuwa anatabasamu na kukohoa pamoja. "Ni règlement."

Siku ya kwanza kazini nilimuuliza Citoyen Mwepu kwa nini alinichukua, wakati nilikuwa nimekosea mawili, na moja nimelipoteza. Hakuinua macho kwenye ramani.

"Bantu ba kupima niko nao. Wote banasema biko sawa. Weye uliandika pahali hujui."

Hayo tu. Nilifanya naye kazi miaka tisa, na sikumbuki kama aliwahi kunisifu tena.

Wadogo zangu wote watatu walisoma wakitokea nyumba ile. Numbi ni mwalimu.

Herufi zilikaa mpaka chokaa ikaisha kwa mvua. Siasa zilipobadilika hakuna aliyezibomoa kwa hasira, watu walianza tu kuchukua jiwe moja moja kwa misingi ya nyumba zao. Nilipita pale jioni moja natoka kazini, na nikaliona. Bapa, mshipa wa kijani. Lilikuwa kwenye mguu wa herufi ya mwisho, ile iliyopinda. Arobaini na moja.

Nilipoolewa na kuhamia huku nilivuka nalo Kasumbalesa. Afisa wa forodha aliligeuza geuza akauliza ni madini gani. Nikamwambia ni jiwe la nyumbani. Liko mlangoni kwangu hadi leo, wajukuu wanakaa juu yake.

Nilichojifunza, na ndicho nimebaki nacho: nilimwambia mtu nusu ya habari, ile iliyonipandisha mimi, nikaiacha nusu iliyokuwa inamfaa yeye. Uwanja mzima ukafagiwa kwa sababu hiyo. Na kilichotuokolea nyumba ni karatasi ya mambo nisiyoyajua. Kwa hiyo vijana mlio kwenye kazi za vipimo, maabara, hata hizo kompyuta zenu: andikeni hata pale msipokuwa na uhakika napo. Inatisha, najua.

Wale mliofanya salongo, mje hapa chini mseme, kwenu mlipaka chokaa nini ambacho hakikutakiwa kupakwa? Na wataalamu wa kamera naomba mnijibu kwa dhati: haya magari yenu ya sasa, ukiyafagilia njia, yanaona?